Tumbo Tupu Linafanya Kazi Gani?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya duka la kinyozi, na ukikaa vibaya linakufinya makalio. Lakini hapo ndipo zinapokatwa kesi zote za dunia, hasa zile zisizowahusu wakaaji wake. Asubuhi hiyo aliyekalia ncha ya benchi alikuwa Fundi, mshona nguo, kavaa shati lililopigwa pasi kweli kweli, na mkononi hana kikombe. Hicho ndicho kilichozua yote. Mtu akae kijiweni bila kahawa, ana nini?

— Leo sili, sinywi, alisema Fundi. Tangu jana saa mbili usiku. Saa nne naingia hospitali.

Mwaka mzima chakula kilikuwa kinamkaa tumboni kama mgeni asiyeaga. Akila mchana, jioni bado kinampanda kooni. Amekonda mpaka anajipunguzia suruali zake mwenyewe. Hospitali wakamwambia ipo mashine ya kupima misuli ya tumbo na utumbo, ila inazunguka, na kwao inafika mara moja kila miezi minne. Safari iliyopita alikosa nafasi. Safari hii kaipata, na mkewe kaomba ruhusa kazini ili ampeleke. Fundi alikuwa anaogopa, asikudanganye mtu. Alikuja kumsubiria mkewe kijiweni kwa sababu nyumbani mawazo yalikuwa yanamtafuna.

— Wanakupima vipi? akauliza Bomba, fundi wa mabomba, mtu ambaye hajasema "sijui" tangu aote ndevu.

— Wanapitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni, ukashuke na utumbo. Wanapima kwanza nikiwa na njaa, saa kadhaa. Kisha wananipa uji, wanapima tena.

— Na ukiwa na njaa wanapima nini? Tumbo tupu si limelala! Mimi nikitaka kujua bomba linavuja, nafungua maji. Sikai kulikodolea macho bomba kavu.

— Uji ndio haujaiva, akadakia Mama Kahawa, birika mkononi. Wanawazubaisha tu.

Tumbo la Fundi likanguruma. Likanguruma hasa, mpaka mpita njia akageuka.

— Mmesikia? Kinyozi akaruka. Huko ni kukoroma. Limelala fofofo!

— Kukoroma wapi! akasema Bomba. Hiyo hewa imeingia kwenye laini. Fundi, achama hivyo dakika tano, itatoka.

Fundi, kwa ajili ya urafiki tu, akaachama. Inzi alipoanza kumzungukia akafumba haraka.

— Hapana, mimi naona ni ugomvi, akasema Kinyozi. Kuna utumbo mdogo na utumbo mkubwa, sawa? Huyo mdogo kamzidi mkubwa urefu mara kadhaa. Nyumba kama hiyo ina amani kweli?

Mama Kahawa akamtazama Fundi kwa huruma.

— Baba, wewe ukishona unabana pini midomoni. Umeshameza ngapi?

— Hata moja!

— Unajuaje? Zimejipanga humo zinashona. Ndiyo maana chakula hakipiti. Pameshonwa.

— Lahaula! akasema Bomba. Na mshono wa Fundi haufumuki kirahisi.

Wakacheka. Fundi hakucheka. 

— Acheni utani, jamani. Nesi alinieleza. Tumbo tupu halilali, linafagia. Kila baada ya saa moja na nusu hivi misuli inabana huku juu, halafu mbano unateremka taratibu utumbo mzima, unakomba mabaki yote. Kelele ndiyo hiyo. Ukila, ufagio unawekwa kando, misuli inashika kazi nyingine ya kuponda na kuchanganya. Wanataka kujua langu linaziweza kazi zote mbili au moja imeharibika.

— Tumbo na ufagio! Bomba akajipiga paja. Leo nimekoma!

Lakini Kinyozi alikuwa ameacha kucheka.

— Ngoja kwanza. Mimi nafagia nywele saa ngapi? Mteja akiwa kitini? Si mpaka aondoke? Fundi, nesi wako ana akili.

— Maneno matupu, Bomba akang'ang'ana. Nithibitishie. Tia mteja kitini, tuone kama ufagio utasimama.

Akatoa biskuti kwenye kopo la Mama Kahawa, akamnyooshea Fundi.

Sasa, Fundi kabishana na Bomba miaka kumi na moja. Hajamshinda hata siku moja, hata siku aliyosema kesho ni Jumatano na kweli ikawa Jumatano. Damu ikamchemka. Akaitafuna biskuti ile macho kwa macho na mpinzani wake. Kinyozi akapiga magoti, akabandika sikio tumboni.

— Bado linafagia kidogo.

— Ongeza! akasema Bomba.

Ikaenda ya pili, na ya tatu. Mama Kahawa akamsukumizia na kikombe cha maziwa. 

— Kimya, akasema Kinyozi. Wallahi, kimya kabisa!

Bomba akasogea, naye akasikiliza. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinua kichwa alikuwa mnyonge.

— Haya. Umenishinda.

Fundi alirukaruka kama mtoto. Akawapa mikono wote, akampa na muuza vocha aliyekuwa anapita zake. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu augue.

— Kulikoni huku? sauti ikauliza nyuma yake.

Mkewe, kavaa gauni la kutokea, faili kwapani.

— Twende, baba, tusije tukachelewa. Wamepiga simu, wewe ndiye wa kwanza. Hujatia kitu mdomoni, eh?

Kinyozi alikuwa bado amepiga magoti.

— Jamani, si nauliza? Amekula?

— Shemeji, akaanza Bomba, akasita, akakohoa. Mimi sijui.