Njia Iliyotolewa Shingoni mwa Vénantie Mukantabana

Marehemu Vénantie Mukantabana alizaliwa tarehe 14 Mei 1937 karibu na Rubaya, binti wa tatu wa Papa Makuza na Mama Mukankusi, wafugaji. Alizaliwa na kitundu upande wa kulia wa shingo. Akinywa maziwa, matone yalitokea hapo. Wengine walisema ni jicho baya, wengine ni mizimu. Hatukujua tushike lipi.

Alisoma miaka mitatu kwa Masista, kitambaa shingoni hata jua likiwa kali. Kisha alitengeneza siagi nyumbani, akaiuza sokoni Mweso.

Mwaka 1954 Ladislas Munyakazi wa Nyabiondo alimposa. Kwetu bibi arusi hunywa maziwa mbele ya wakwe, na marehemu aliiogopa siku hiyo kuliko kisu. “Papa, unipeleke wanipasue,” alisema.

Alipasuliwa tarehe 9 Septemba 1954 katika hospitali ya misheni. Daktari alifuata kitundu mpaka ndani ya koo, akakitoa na mrija wake wote. Akamwambia mama wa Ladislas, Mama Mukabaranga, kwa Kiswahili chake: “Njia ya mutoto tumboni, nimetoa yote.”

Mama Mukabaranga aliketi chini. “Yesu! Njia ya mutoto haiko tena? Kijana wangu ataoa nini?”

“Mama, wewe ulizalia kwa shingo?” aliuliza Généreuse, shangazi wa marehemu.

“Nani anajua kisu kilifika wapi!”

Posa ikasimama. Muuguzi Honoré alikuja kueleza: “Docteur anasema ile njia ilibakia wazi tangu dada akiwa ndani ya tumbo la mama yake. Njo hiyo tu alitoa.” Sote tuliitikia, kuelewa ni neno lingine. Ladislas alisema, “Mama, mie nitamuoa. Tutajua mbele.”

Walifunga ndoa tarehe 16 Julai 1955. Marehemu alimaliza maziwa. Mama Mukabaranga akampapasa shingo, akaikuta kavu. Hata hivyo aliendelea kuangalia tumbo la marehemu, hadi Evode alipozaliwa Agosti 1956.

Januari hii marehemu alishikwa na homa na kikohozi. Wazee waliuliza kama ugonjwa wa shingo ulifungiwa ndani. Daktari alisema hapana, ni mapafu. Tunaandika alivyosema, ingawa bado tunajiuliza. Alifariki tarehe 3 Februari 1959.

Ameacha wazazi wake, mume wake Ladislas, mwana wake Evode, na binti yake Adelaïde wa miezi mitatu, ambaye tangu jana Mama Mukabaranga amembeba mgongoni na hataki kumpa mtu.

Bwana ampe Vénantie pumziko la amani.