Modesta Robi, Aliyeuliza Orodha Imelipiwa na Nani

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, na ninyi Waislamu mliotoka Mugumu kuja kutushika mkono, mimi ni Sylvester Kisyeri, shemeji wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Modesta Robi Simoni alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 kijijini Nyambureti, wilaya ya Serengeti, asubuhi yenye ukungu mzito, ambapo mama yake alisikia kengele za ng'ombe wakienda malishoni bila kuwaona, na nadhani ndiyo maana marehemu alipenda kusikiliza kabla ya kutazama. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akamaliza sekondari Mugumu mwaka 1998, na mwaka 2003 akaanza kutangaza katika redio moja mjini Tarime. Tarehe 18 Juni 2005 alifunga ndoa na kaka yangu Heche hapa Matongo, wakajaliwa watoto wawili, Gloria na Ezra.

Mwaka 2022 alipewa kusoma kila asubuhi orodha ya kampuni za mikopo kutoka tovuti moja inayozilinganisha, ambayo hata magazeti yaliisifu kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa na wenye tovuti, naye akaisoma kwa sauti yake ile ya kubembeleza, nasi tuliokuwa shambani tukaamini kwamba ya kwanza ndiyo nafuu, kwa kuwa kwetu ng'ombe anayetangulia ndiye anayeaminiwa njia. Jirani yetu Beatrice alikopa kwa hiyo ya kwanza, akaishia kuuza maksai wake wote ili kulipa riba.

Ndipo Modesta akaota kundi zima likipita ukunguni, na aliyetangulia ni ng'ombe mgonjwa aliyevishwa kengele mpya, akaamka analia, akawapigia simu wenye tovuti, wakamjibu bila aibu kwamba wanaotangulia ndio wanaolipia. Kesho yake aliyasema hayo hewani, akamwomba Beatrice radhi, na kipindi akanyang'anywa, akabaki kusoma matangazo ya misiba na ng'ombe waliopotea. Hata hivyo watu walizidi kumpigia wakitaka ushauri, naye kila mmoja alimwambia aulize kwanza nani kasema, na anapata nini.

Machi 2025 aligundulika kuwa na saratani, akatibiwa Tarime, kisha Mwanza, siku za mwisho akiongea kama aliye nusu usingizini, akiwataja kwa majina ng'ombe wa baba yake, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba, alitutoka, Beatrice akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, watangazaji wenzake, na majirani wa Matongo na Nyangoto mliochimba kaburi na kuleta kuni.

Tangu Jumanne mmetupigia simu, wengine mmekuja kwa bodaboda, mkisema mmeona mitandaoni kwamba Modesta amefariki ila hamuamini, mnataka kujua nani kasema, na anapata nini. Angewasikia angecheka sana. Basi nimesema mimi, shemeji yake, sikulipwa na mtu, na ninatamani sana ningekuwa nawadanganya.

Ni kweli. Pumzika, Modesta wetu, pumzika kwa amani.