Bi. Watiri na Mzani wa Giakanja

Ijumaa tarehe 31 Julai, Bi. Monicah Watiri, mkuu wa kitengo cha kompyuta katika ushirika wetu wa maziwa hapa Nyeri, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ilifunikwa kitambaa cha kufuma ikakaa wiki kadhaa bila kuguswa, hadi yeye alipochoka kuitazama akaifunua. Ndiyo historia yote ya kitengo chake, na akiulizwa haongezi neno.

Wengi mnamjua kwa ubishi. Miaka mitatu iliyopita, kamati iliamua makarani wa vituo waache kuandika uzito wa maziwa kwa mkono, simu isome mzani yenyewe, na wakulima waone kilo zao kwenye simu zao. Swali likawa ni programu ya namna gani: moja ya kutumika kwenye simu za kila aina, au kila aina ya simu iandikiwe yake kwa zana zake? Griffins, fundi wetu wa programu, alitaka moja. “Madam, tukiandika mbili, hata bugs za kurekebisha zitakuwa mara mbili,” alisema. Bi. Watiri alikubali, maana Griffins tulikuwa naye mmoja tu. Ulikuwa uamuzi wa busara, na mpaka leo haukani.

Taabu ilianzia Giakanja, kimoja cha vituo vyetu vya kupokea maziwa. Wakulima walilalamika kwamba kilo zao hazilingani na walicholeta. “Ati kilo sita? Ng'ombe yangu imetoa kumi na moja,” mmoja alifoka kituoni. “Huyu msichana anakula maziwa yetu.” Msichana huyo ni Wamucii, karani wa kituo, anayelea watoto wawili kwa kazi hiyo. Kamati ilimsimamisha kwa muda, ikapanga kikao cha kumfuta kazi. Njiani watu waliacha kumsalimia, na jambo hilo linaniuma hata sasa.

Kabla ya kikao, Bi. Watiri alienda Giakanja akapima maziwa mwenyewe asubuhi nzima, manyunyu yakimpiga. Huko akaliona kosa. Programu ile ya kila simu haikuweza kuusoma mzani yenyewe, na kipande tulichokuwa tumekiazima kwa wengine ili iwasiliane nao kilikuwa kikipoteza mawasiliano kwa muda mfupi, kioo cha simu kikabaki na uzito wa mkulima aliyetangulia. Ofisini hatukuligundua kwa sababu tulifanya majaribio kwa mtungi mmoja wa maji, tukiupima huohuo tena na tena. Uzito wa zamani na uzito mpya ulikuwa mmoja, nasi tukapongezana.

Siku ya kikao alisimama mbele ya kamati. “Hii kitu nilichagua mimi,” alisema. “Wamucii aliweka tu chenye simu ilimwonyesha. Kama kuna mtu anaenda nyumbani leo, ni mimi.” Alikuwa amekaribia kustaafu, na angeweza kunyamaza asiguswe. Mwenyekiti, Bw. Moffat, aliagiza Wamucii arudishwe na wakulima waelezwe ukweli palepale kituoni.

Baada ya hapo programu ya makarani iliandikwa upya, kwa zana za Android zenyewe. Simu zao zote ni za aina hiyo, tena ni za ofisi, kwa hiyo ile ya kila simu haikuwafaa kitu. Ya wakulima, ya kuangalia kilo na ujumbe tu, ilibaki moja kwa wote. Bi. Watiri aliagiza pia kila anayeshiriki majaribio aje na chombo chake kutoka nyumbani. Ofisi ilijaa mitungi na ndoo, hata wageni wakadhani maji ya mji yamepotea.

Sasa kamati inataka programu ya kumwita daktari wa mifugo, na Griffins alimwomba Madam amchagulie zana kabla hajaondoka. Alikataa. Alimwambia aende kwanza akaone ni nani atakayeishika simu hiyo, na akiwa wapi.

Asante, Bi. Watiri, kwa kazi na kwa ubishi. Afya iwe nawe, na ng'ombe wako wawili wakupe maziwa tele. Tunajua Jumatatu utapanga foleni Giakanja na mkebe wako kama mwanachama mwingine yeyote, na Wamucii ndiye atakayekupimia.