Dk. Raheli Shemhilu, Daktari wa Miguu ya Milimani

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Dk. Raheli Shemhilu anastaafu rasmi kazi katika hospitali yetu hapa Lushoto. Aliingia akiwa tabibu kijana, akarudi masomoni, akawa daktari bingwa wa upasuaji. Anaondoka akiwa mwanzilishi wa Kliniki ya Mishipa ya Damu, ambayo wagonjwa wenyewe huiita Kwa Mama Miguu.

Dk. Raheli alizaliwa na kukulia Magamba, kwa hiyo vilima anavijua. Pengine ndiyo maana hakumpuuza mgonjwa aliyelalamika kwamba kigimbi kinambana akipanda mlima, na akisimama kidogo kinaachia. Wengi wetu tulikuwa tukisema huo ni uzee tu. Yeye alimwambia mtu avue viatu. Alitufundisha kwamba maumivu ya namna hiyo huweza kuwa dalili ya mshipa unaoanza kuziba, na kwamba wengi husaidika bila kisu: waache sigara, wadhibiti kisukari na shinikizo la damu, wameze dawa zao, na wafanye mazoezi ya kutembea. Hapo kwenye kutembea ndipo alipopata upinzani. Mzee mmoja alimjibu, “Daktari, mimi naishi Lukozi. Nitembee kuliko hivi ninavyotembea?”

Hakuwa na mipaka ya mahali pa kazi. Kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzetu, aliinama chini ya meza kuu akapima mapigo ya mguu wa mjomba wa bibi harusi, kwaya ikiwa inaimba. Tangu siku hiyo hakuna mtumishi wa hospitali hii anayethubutu kuvaa soksi iliyotoboka.

Lakini tukio ambalo wengi wetu hatutalisahau ni la Bi. Klara, mkulima wa karoti kutoka Lukozi, aliyeletwa kwetu wakati wa masika ya mwaka 2021. Alikuwa na kisukari. Kidonda kidogo kilichosababishwa na buti la shambani kilikataa kupona, kidole kikawa cheusi, na mguu ukawa wa baridi. Ilishaamuliwa ukatwe chini ya goti, na Dk. Raheli ndiye angeukata.

Asubuhi ya upasuaji alikuja wodini na kile kipimo chake kidogo kinachotoa mlio wa damu inavyopita. Alikiweka kwenye kifundo, akakisogeza, akakisogeza tena. Ukasikika mlio hafifu sana. “Bado inapita,” alisema. “Kidogo, lakini inapita.” Akaagiza chumba cha upasuaji kisubiri, akampigia simu Dk. Mika, mwenzake wa Dar es Salaam ambaye ni bingwa wa kuzibua mishipa kwa ndani.

Mume wa Klara, Bwana Alphonce, hakutaka kusikia habari za safari. “Daktari, kateni tu,” alisema. “Nikimpeleka mke wangu Dar, nitarudi na jeneza.”

Dk. Raheli aliketi ukingoni mwa kitanda. “Baba, kukata naweza hata kesho. Kurudisha siwezi.”

Aliyejibu ni Klara mwenyewe: “Twende. Mguu ni wangu.”

Mimi ndiye muuguzi niliyewasindikiza. Karibu na Soni tulikuta udongo umeporomoka na kufunga barabara. Tukakaa ndani ya gari la wagonjwa huku trekta ikisukuma tope, homa ya Klara ikipanda na Alphonce akiomba kimoyomoyo. Nakiri kwamba nilidhani Alphonce alikuwa sahihi.

Tulifika. Dk. Mika alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa kinena hadi penye kizuizi, kisha akajaza puto dogo lililopanua njia ya damu. Klara alikuwa macho muda wote. Walipomtoa niliushika mguu wake, nikaushika tena kuhakikisha, ndipo nikapiga simu Lushoto.

“Daktari,” nilisema, “mguu una joto.”

Dk. Raheli akasema, “Mpe simu Klara.” Wakazungumza Kishambaa, wakicheka na kulia kwa pamoja, na Alphonce akatoka nje kwenda kushukuru Mungu peke yake. Vidole viwili havikupona, vilikatwa. Mguu ulibaki, na Klara bado analima.

Si kila mguu uliokolewa. Hassani, mchuma chai wa Mgwashi aliyekuja kutafuta kazi kutoka Kasulu, alifika mguu wake ukiwa umekwisha kufa. Dk. Raheli aliukata kwa mkono wake, kisha akahangaika naye hadi akapata mguu wa bandia.

Baada ya Klara, kliniki yetu iliweka utaratibu: hakatwi mtu mguu kabla mtiririko wa damu haujapimwa, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Aidha, Dk. Raheli aliungana na wenzake wa Dar es Salaam katika utafiti unaofuatilia wagonjwa wa aina hii, ili ijulikane nani anafaa kuzibuliwa kwa puto, nani anahitaji kuunganishiwa mshipa mwingine, na nani atapona kwa dawa na usafi wa kidonda. Utafiti haujakamilika, na anamfokea yeyote anayetangaza matokeo mapema.

Kwa miezi mingi tulikuwa na wasiwasi kimyakimya: akiondoka, kliniki itafungwa? Mwezi Aprili Dk. Jenipher, daktari mwenzetu, alirejea kutoka masomoni na kukabidhiwa kipimo kile. Wiki hiyohiyo aliahirisha upasuaji mmoja, akamtuma mgonjwa Dar, na mgonjwa akarudi akitembea. Tulipumua, na Dk. Raheli alipumua kuliko sisi.

Daktari, kwa niaba ya watumishi wote na familia za Lushoto na vijiji vyake, ahsante sana. Tunakuombea afya njema, usingizi usiokatizwa na simu, na siku nyingi za furaha nyumbani Magamba.

Ijumaa iliyopita aliuliza kama kuna mgonjwa anayemsubiri. Dk. Jenipher akamjibu kwamba wote wameshaonwa. Basi akakaa nasi chumba cha wauguzi, na kwa mara ya kwanza tukamwona akimaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto.

Edgar, Muuguzi, Wodi ya Upasuaji