Benchi la Mtoni: Maisha ya Dokta Anastasia Polikarpo, 1943–2025

Ndugu waombolezaji, mimi ni Gervas Benjamin, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nitawasomea yale tu tuliyoyathibitisha kwa hati au kwa shahidi aliye hai, pamoja na jambo moja aliloagiza kwa maandishi lisomwe kabla hajazikwa, kwa kuwa linahusu heshima ya mtu mwingine.

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1943, wilayani Masasi, mtoto wa pili wa Mzee Polikarpo, mchonga vinyago. Pasipoti inasema 1945, cheti cha ubatizo kinasema 1943, tumefuata cheti, kwani aliyekiandika hakuwa na sababu ya kumpunguzia umri.

Alisoma shule ya misheni mwaka 1951 hadi 1958, akaendelea na sekondari hadi 1964, akahitimu udaktari hapa Dar es Salaam mwaka 1970, na tarehe 1 Machi 1973 akapangiwa zahanati ndogo ya Mtoni, ambayo leo haipo. Kikao cha familia kilitaka nisome kwamba alikuwa daktari mwanamke wa kwanza nchini, sikupata ushahidi, na mwenyewe akiambiwa hivyo alikuwa akicheka; lililothibitika ni kwamba kabla yake zahanati ile haikuwahi kuwa na daktari mwenye shahada, na kwamba ndiye aliyewafundisha akina mama wa pale kumchanganyia maji, sukari na chumvi mtoto anayeharisha.

Mwaka 1978 aliweka benchi refu barazani, na sheria kwamba mtoto aliyeharisha haondoki hapo kabla hajakojoa, ndiyo dalili kwamba maji yamemrudia mwilini. Akina mama walilalamika, "Dokta, sie tuna vyungu jikoni!", naye akawajibu, "Shikamoo zenu nimezipokea, sasa kaeni." Kwa miaka kumi na sita iliyofuata, daftari lake la Mtoni halionyeshi mtoto hata mmoja aliyefariki baada ya kuruhusiwa kutoka benchi hilo, na kurasa zote nimezisoma mwenyewe.

Alifunga ndoa na Mwalimu Benjamin tarehe 12 Julai 1975, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Herieth na Clara, na wajukuu saba. Mwalimu alitutangulia mwaka 2008, hapa hapa Tegeta. Mwaka 2019 mama aligundulika na ugonjwa wa moyo, akatibiwa kwa miaka sita, akafariki Ijumaa, tarehe 9 Mei 2025, saa tatu asubuhi.

Ni desturi yetu, mwisho wa historia, kuwaombea marehemu msamaha kwa ujumla, lakini mama alikataa ujumla. Kikao kilitaka pia niseme hakuwahi kumkosea mgonjwa, nami hilo siwezi kulisoma, kwa kuwa daftari linasema Jumanne, tarehe 11 Aprili 1978, wakati wa kipindupindu, Bi Mwamvita wa Mtoni alimleta mwanawe Twaha, wa miaka miwili, saa mbili asubuhi, mama yetu akamruhusu kurudi nyumbani saa nne, mtoto akarudishwa saa tisa, akafariki saa kumi. Mtaa ukasema Mwamvita alichelewa kwa mganga, na umesema hivyo miaka arobaini na saba. Mama ameandika: "Mwamvita aliwahi. Niliyeharakisha ni mimi. Nilimwambia yeye, nikawaambia wakubwa wangu, nikajaribu kuwasahihisha majirani mmoja mmoja, nikachoka, na kuchoka huko nako ni kosa langu." Ndipo lilipotoka benchi lile.

Bi Mwamvita yupo hapa, mstari wa mbele, nami jana nilimwomba ridhaa, akanijibu, "Soma, mwanangu, tena kwa sauti, walio nyuma wasikie."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwananyamala, majirani wa Tegeta, wauguzi wastaafu waliofanya naye kazi, na zaidi akina mama wa Mtoni waliokalia benchi wakinung'unika, watoto wao wakapona.

Mama, agizo lako limesomwa, na walio nyuma wamesikia. Bi Mwamvita aliwahi. Sasa pumzika kwa amani.