Kipande Changu cha Mtaro

Hamjambo nyote, majirani zetu. Asanteni kwa chai. Mwenyekiti wenu alinipigia simu akaniambia, "Mzee, watu wetu wanaanza kuchimba Jumatatu. Kuja uwaambie vile nyinyi mlivuta maji." Nikamwambia nitakuja. Sikumwambia nitasema nini, maana angetafuta mtu mwingine.

Mimi natoka ng'ambo ya mto, juu ya Kiganjo. Mkipita kwetu mnaona kila boma lina mfereji, ng'ombe wanakunywa hapo hapo zizini, sukuma wiki imekolea hata wakati wa jua. Mnasema wale watu wamefaulu. Ni kweli, tumefaulu. Lakini kuna mama mmoja aliyekaa miezi mingi bila tone la maji, na mtu aliyemnyima ni huyu mnayemtazama. Simtaji jina. Mwenyewe aliniambia nisimtaje.

Mnajua shida ya ng'ombe wa maziwa na mteremko. Anashuka mtoni na maziwa, anapanda bila maziwa. Tulichoka na hiyo biashara. Tukakubaliana tutoe maji juu, kwenye mpaka wa msitu, na kila mwanachama achimbe kipande chake cha mtaro, futi tatu kwenda chini. Vipande viligawanywa kwa kura ili mtu asilalamike. Kukawa na sheria moja zaidi: ukikuta mwamba, unasema, na sote tunakuja na mitaimbo tunauvunja pamoja.

Ikaulizwa ni nani atapima. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliinua mkono kabla sijatajwa. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kule Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, kufungulia watu maji na kuwafungia. Nikajiona daktari wa maji. Nikakata fimbo ya mti wa mukima, nikaitia alama kwa kisu penye futi tatu, na kuanzia siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuniweza kwa kiburi.

Huyo mama hana mzee wake, alishafariki. Alichimba peke yake, na udongo wa kipande chake ni ule mgumu unaorudisha jembe juu. Nilipoteremsha fimbo, mtaro ulipungua vidole vinne.

"Mama, hii haijafika."

"Mzee, si ni vidole vinne tu? Mgongo imekataa."

"Maji haijui mgongo. Rudia."

Watu wakacheka. Nikafurahi wamecheka. Yeye akafunga leso kiunoni upya, akarudi shimoni. Nikaenda kwa wengine kifua mbele.

Sasa kipande changu. Kura ilinipa mahali panapopakana na barabara ya shamba, pale trekta na mikokoteni ya viazi hupitia. Nilichimba futi moja tu, jembe likalia. Mwamba. Nikajaribu huku, nikajaribu kule, mwamba ni ule ule. Sheria ilikuwa niseme. Lakini niseme vipi? Nilikuwa nimewacheka wangapi? Nilijua siku nitakayoita mitaimbo, kila mtu niliyemrudisha shimoni atakuja kuniangalia. Nikaona heri nife na siri yangu.

Fundi alipofika kulaza paipu alisimama hapo akakuna kichwa. "Mzee, hapa iko juu sana. Na chini ni jiwe tupu."

Nikamwambia, "Laza tu, nitaongezea udongo."

Aliangalia ile fimbo mkononi mwangu, akalaza. Alikuwa mtu wa kazi, amekuja kwa kibarua, hakuwa na sababu ya kubishana na mpimaji. Na mpimaji hakupimwa na mtu yeyote. Nikafunika haraka, nikarundika udongo juu, kisha nikapanda nepia, yale majani ya ng'ombe, hapo ili asije mtu na jembe.

Siku ya kufungua maji tulichinja mbuzi. Yule mama ni wa mwisho kwenye laini, huko chini kabisa, na maji yalimfikia. Ng'ombe wake alikunywa beseni nzima bila kuinua kichwa. Mama alipiga vigelegele, ngemi tano, kama za kumpokea mtoto wa kiume.

Haikupita muda mrefu mfereji wake ukaanza kukohoa. Ukawa mwembamba kama uzi. Ukakauka. Kiangazi kikaingia, na katika kiangazi hicho nepia yangu ikawa ndefu kunishinda, kijani mpaka inaelekea kuwa nyeusi. Watu walisimama barabarani kuistaajabu. "Mzee, wewe unatumia nini?" Nikawaambia ni mbolea ya kuku.

Mtaniuliza, ulijua? Mwezi wa kwanza sikujua. Mwezi wa pili nilijua, lakini nikawa nazunguka njia nyingine nisikanyage pale, kwa sababu udongo ulikuwa unateleza. Mtu mzima, na zaka natoa, nikawa naogopa matope ya shamba langu.

Kamati iliketi kutafuta maji yalipopotelea. Mmoja akasema kuna mtu anaiba. Mwingine akasema ni tangi la juu linalovuja. Halafu mimi nikasimama. Hapa nisaidieni kusikiliza, maana hapa ndipo ninaposhindwa hata kujiangalia. Nikasema, "Tuanze na kipande cha huyu mama. Si mnakumbuka ndicho kilikuwa na shida?"

Alikichimbua mwenyewe, siku mbili, juani. Tulisimama juu tukitazama. Paipu ilikuwa chini kabisa, futi tatu na zaidi, imelala juu ya udongo laini ambao alikuwa ameutoa mawe kwa mikono yake, jiwe moja moja. Hakuna kipande kingine kwenye laini nzima kilichokuwa kizuri vile. Akatoka shimoni, akakung'uta udongo. Nikasema, "Basi labda ni tangi," nikaenda nyumbani.

Akaendelea kubebea ng'ombe maji mtoni kwa mitungi mpaka goti likakataa. Ng'ombe akanywa kidogo, maziwa yakapungua. Huyo ng'ombe ndiye aliyekuwa mshahara wake. Mwisho akaamua kumuuza kabla hajakonda zaidi. Mnunuzi akatoka Nanyuki na lori asubuhi moja, na wakipanda na ng'ombe, lori likasimama mbele ya lango langu. Mama akashuka.

"Mzee, nisaidie na nepia kidogo. Barabara ni refu, sitaki aende na njaa."

Nikachukua panga. Nilipoinama kukata, maji yalinipanda juu ya buti. Nikakata mzigo mkubwa, nikaupandisha kwenye lori mwenyewe. Ng'ombe alianza kula hata kabla sijauachilia. Na yule mama akaniambia, "Mungu akubariki. Wewe uko na mkono mzuri."

Natamani niwaambie nililisimamisha lori. Sikulisimamisha. Lilienda, nikabaki nimesimama na panga, nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilikuwa nimemlisha ng'ombe wake kwa maji yake, nami nikapokea baraka.

Nilichukua jembe nikaanza kung'oa nepia. Mke wangu akatoka jikoni.

"Baba, ni nini sasa?"

"Natafuta maji ya watu."

Akasema, "Mimi nilijua hiyo haikuwa mbolea. Hata kuku hatuna."

Paipu ilikuwa imesagwa na jiwe upande wa chini, na kila trekta iliyopita ilikuwa inazidisha. Maji yaliruka yakanilowesha mpaka kofia. Sikujifuta. Nikampigia mwenyekiti wetu simu, nikamwambia aje na kila mtu, naye yule mama aje. Walipofika nilisema yote, mambo ya fundi, mambo ya fimbo, mambo ya kuku. Nilitarajia matusi. Mama hakutukana. Alisema neno moja tu: "Ungeniambia asubuhi."

Asubuhi ng'ombe bado alikuwa wake.

Walinitoa kwenye kamati siku hiyo hiyo, na walifanya vizuri. Kesho yake wakaja na mitaimbo, wanaume kwa wanawake, hata wale niliowarudisha shimoni. Mwamba niliouficha mwaka mzima walimaliza kuuvunja kabla ya chakula cha mchana. Mzee mmoja akafuta jasho, akaniuliza, "Kumbe ilikuwa hii tu?" Hakuwa ananicheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Nilienda Nanyuki kumtafuta yule ng'ombe. Mnunuzi alinihurumia, lakini alikuwa amekwisha kumuuza kwa mtu mwingine. Nikarudi, nikachukua mtamba wangu mzuri kuliko wote, nikampelekea mama. Alimpokea. Akasema, "Ni mzuri, lakini si yule." Leo mtamba huyo amezaa, na maji yanafika pale chini hata kwenye kiangazi. Tukikutana ananisalimia. Chai kwake sijanywa bado, nami siombi.

Nawashukuru wale wa mitaimbo, ambao wangeweza kuniacha na jiwe langu. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunificha kwamba alijua. Na nyinyi mnaoanza Jumatatu, funzo langu ni dogo. Kuna mmoja wenu atakuta mwamba. Aseme siku hiyo hiyo, hata kama alikuwa na kiburi jana. Na mkimsikia amesema, msimcheke, maana kicheko chenu ndicho kitakachomfanya afunike.

Juzi nilipita kwa yule mama kumwambia nimealikwa hapa. Nikamuuliza ni nini ningesema na ni nini ningeacha. Alikuwa anakamua, hakugeuka. Akasema, "Mimi usinitaje. Lakini ng'ombe yangu uitaje, wajue ilikuwa na jina."

Aliitwa Nyakeru.