Beji Iliyoandikwa Yankton

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Astoria. Luteni Kamanda mstaafu Corinne Vasbinder, uliyekuwa muuguzi mkuu wa meli ya hospitali ya Constancy. Waheshimiwa wanamaji wastaafu. Ndugu wa familia mliokuja mkiwashika wazee wenu mkono, na ninyi mliokuja peke yenu kwa sababu aliyezoea kuwashika mkono hayupo tena. Wageni waalikwa, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote, na nawapa pole kwa mvua.

Jina langu ni Linnea Tolvanen, mwanafunzi wa sekondari hapa mjini. Mimi ni mjukuu wa Reino Tolvanen, yule mzee aliyesimama karibu na birika la kahawa, ambaye nimemwomba akae na amekataa. Nimeombwa niseme kwa niaba ya familia katika siku hii ambayo chama cha waliotumikia Constancy kinafungwa, na kengele ya meli inakabidhiwa kwa makumbusho ya mji. Mwalimu wangu amenifundisha kwamba hotuba ya kuaga isizidi subira ya wanaoagwa. Nitajitahidi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo la beji. Asubuhi, mlipofika kwenye meza ya mlangoni, wengi mlisema nimekosea, kwa sababu hamkukuta majina yenu. Mlikuta majina ya miji. Mzee Lamar Pickering, aliyekuwa mpishi wa meli, alinishika bega akasema, “Binti, mimi ni Pickering. Nikivaa hii ya Waco, mke wangu atadhani nimeuzwa Texas.” Mke wake akamjibu palepale, “Nani anunue?” Tukacheka wote. Lakini baadaye nilimwona Mzee Pickering amesimama peke yake mbele ya kioo cha mlango, akiinyoosha beji ile kwa vidole viwili, kama mtu anayerekebisha medali.

Sikukosea, waheshimiwa. Naomba mnivumilie nieleze kwa nini.

Nilipokuwa mdogo nilidhani mkutano huu ni karamu ya watoto. Ukumbi ulijaa, sisi wajukuu tulikimbizana chini ya meza, na Mzee Waco huyuhuyu alitugawia keki kwa siri huku akitukemea kwa sauti kubwa. Kisha kila mwaka meza moja ilikunjwa ikarudishwa stoo. Leo zimebaki tatu, na zote zimesogezwa karibu na kipasha joto. Babu hupanga viti mwenyewe. Jana nilimkuta amepanga vingi mno, kwa mazoea, kisha akaanza kuvipunguza, kimoja baada ya kingine, akikigusa kila kimoja mgongoni kabla ya kukibeba. Nilisimama mlangoni. Sikumsaidia, kwa sababu haikuwa kazi ya viti.

Kwa faida ya Mheshimiwa Meya na vijana wenzangu, naomba niseme kidogo kuhusu meli yenyewe. Constancy ilikuwa meli nyeupe, yenye misalaba mikubwa myekundu ubavuni, nayo ilikaa nje ya pwani ya Vietnam ikisubiri. Haikuwa na adui wa kumfuata wala bandari ya kuiteka. Kazi yake ilikuwa kusubiri helikopta. Vijana waliokuwa wakubwa kwangu kwa miaka mitatu au minne tu walisimama sitahani na machela, wakitazama juu.

Luteni Kamanda Vasbinder ndiye aliyenieleza desturi ya mle ndani. Majeruhi walishushwa wakiwa hawajui waliko. Jina la mtu lilikuwa tayari limefungwa mkononi mwake, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumwuliza. Yeye aliwafundisha vijana wake waulize jambo moja tu: kwenu ni wapi? Mvulana aliyesahau siku na cheo chake aliweza kuutaja mji wao. Na akishautaja mji, aliweza kuutaja mtaa, na mto, na mbwa aliyemwacha. Kuanzia hapo aliitwa kwa mji huo mpaka aliposhushwa melini. Na kwa kuwa mazoea huambukiza, wahudumu nao wakaanza kuitana hivyo. Mavazi yao ya wodini yalikuwa ya kijani, yote sawa, yakitolewa katika kapu moja bila jina la mtu. Hata Luteni Kamanda hakupona. Walimwita Mama Paterson, kwa jina la mji wake, na aliniambia, “Nilitaka kuwazaba vibao. Siku walipoacha kuniita hivyo, nilikaa kitandani nikalia.”

Ukiuliza leo Pickering alikuwa nani katika Constancy, watu watakunja uso. Ukiuliza Waco alikuwa nani, kila mtu hapa ana malalamiko yake kuhusu mayai ya unga.

Nawauliza, waheshimiwa: ukiwa mbali na kwenu, kuna jina gani la heshima kuliko jina la kwenu? Lakini naomba niulize na la pili. Vita vilipokwisha, kila mtu akarudi kwenye jina alilopewa na wazazi wake, ni nani angeweza kumtafuta mtu kwa jina la mji?

Babu yangu, yaani Astoria, alikuwa mbeba machela. Alibeba mbele. Nyuma yake alibeba kijana mmoja wa Dakota Kusini aliyeitwa Yankton. Sasa, anayebeba mbele hamwoni anayebeba nyuma. Anaiona njia, anaziona ngazi, anauona mlango, na mwenzake anamjua kwa sauti tu. Yankton ndiye aliyeuona uso wa majeruhi kutoka helikopta mpaka chumba cha upasuaji, naye alimsimulia babu kwa maneno machache. “Kushoto kidogo, Astoria.” “Taratibu, amefumbua macho.” “Anauliza kama ana miguu yote. Anayo. Twende.” Na mara nyingine, babu anasema, Yankton alisema maneno mengine, kwa upole kuliko yote: “Hakuna haraka tena, Astoria.” Hapo walipunguza mwendo wote wawili, na babu hakugeuka.

Asubuhi moja, babu akiwa amelala baada ya zamu, Yankton alihamishiwa meli nyingine. Hawakuagana. Jina lake la ukoo babu alilisikia labda mara moja, likapotea.

Nyumbani kwetu, tukihamisha kochi au kabati, babu bado hubeba mbele. Na mara nyingi akifika katikati ya ngazi husimama. Baba humwuliza, “Mzee, umechoka?” Babu husema hapana, na huendelea kusimama. Nilichelewa kuelewa, waheshimiwa. Anasubiri aambiwe.

Alimtafuta. Alitoa tangazo katika gazeti la Yankton, na watu wema walimpigia simu, wakaongea naye juu ya hali ya hewa na mahindi, lakini hakuna aliyewahi kubeba machela. Alipopata majina ya waliotumikia meli, alimwandikia kila mmoja mwaliko, mwaka hadi mwaka, kwa majina yao kamili. Na kila mwaka, chakula kikiisha, aliinua kikombe akasema, “Kwa Yankton, popote alipo.”

Mwaka jana mlipokaa kujadili kama chama kifungwe, mnakumbuka ilivyokuwa. Mzee Waco alisema, “Tufunge, Astoria. Tumebaki watu wa kulinganisha vidonge vya presha.”

Babu akasema, “Bado mmoja hajafika.”

“Hajafika tangu tukiwa na nywele, bwana!”

Mlicheka, na babu akacheka nanyi. Kisha akaingia jikoni kuosha vikombe. Nilimfuata. Vikombe vilikuwa visafi.

Mwezi wa nne mwaka huu, simu ya nyumbani ililia babu akiwa ameenda kanisani. Nikapokea. Sauti ilikuwa mnong’ono mkavu, kama karatasi inayokunjwa.

“Naomba mnitoe kwenye watu mnaowapelekea mwaliko,” alisema. “Kadi zenu ni nzuri, lakini mnapoteza stempu bure.”

“Samahani mzee, tumekukosea kitu?”

“Hapana, binti. Nilikuja mara moja, miaka mitatu iliyopita, hapohapo kwenu. Nilivutwa na jina la mji. Nilivaa beji yenye jina langu, watu wakaisoma, wakatabasamu, wakapita. Mimi koo langu limepasuliwa, siwezi kusema penye kelele. Nikamaliza kikombe changu cha kahawa, na kabla ya chakula nikaendesha gari kurudi Boise, ninakoishi sasa.”

“Hukuongea na mtu hata mmoja?”

“Na mmoja. Alinimiminia kahawa akasema, ‘Karibu bwana, jisikie nyumbani.’ Nikasema asante. Beji yake iliandikwa Tolvanen, na Tolvanen simjui. Lakini alipogeuka kwenda, binti, ule mgongo niliujua. Nilitaka kumwita. Alikuwa ameshafika meza ya pili, na sauti yangu haifiki meza ya pili.”

Nikamwuliza, “Mwenye mgongo ule ulimwita nani?”

Akasema, “Utanicheka. Astoria.”

Sikucheka. Nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Nikamwambia kwamba Tolvanen ni babu yangu, na kwamba Astoria ndiye huyohuyo. Nikamwambia kuhusu kikombe kinachoinuliwa kila mwaka.

Kisha akasema, “Usimwambie.”

“Kwa nini, mzee? Yeye hana anachokitaka kingine!”

“Ndiyo maana. Moyo wangu unaendeshwa na mashine, na njia ni ndefu. Akijua atanisubiri, na nisipofika atakuwa amenipoteza mara ya pili.”

Waheshimiwa, mimi nilifundishwa kutobishana na wazee, lakini siku ile nilibishana. Nilimwambia tatizo lilikuwa beji, si watu. Walikuja wakiwa wamevaa majina ambayo hawakuwahi kuitana, wakapitana kama wageni kituoni. Nikamwambia mwaka huu nitaandika miji, kila mtu na mji wake, na ya kwake nitaiweka mezani mlangoni.

Akasema, “Haya, iweke. Ukiona imechukuliwa, sema unachotaka. Ikibaki pale, unyamaze, binti. Tumeelewana?”

Tukaelewana. Tangu siku hiyo nimekula chakula cha jioni mbele ya babu nikiwa na neno hili kinywani. Nilipomwomba anitajie miji yote aikumbukayo, aliitaja kwa furaha, na alipofika Yankton akasema, “Hiyo usijisumbue kuiandika.” Niliiandika. Niliiandika kwa herufi kubwa kuliko nyingine zote, naomba wengine mnisamehe.

Hotuba hii, mabibi na mabwana, niliiandika mara mbili. Ya kwanza inazungumzia kengele, na bahari, na shukrani, na haimtaji Yankton kabisa. Mwalimu wangu aliisahihisha akasema ni nzuri. Hii ya pili hakuna aliyeiona.

Leo asubuhi beji ilikuwa mezani. Mlipoingia mmoja mmoja na miavuli yenu, ilikuwa mezani. Mlipoombewa chakula, niliinua kichwa kabla ya amina, na ilikuwa mezani. Mlipokula samaki nilienda mara nyingi kuiangalia mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Meya alipoanza maneno yake, nilikuwa nimeshaikunja hotuba hii ya pili na kuitia mfukoni, nikaifungua ile ya kengele.

Kisha nikaitwa. Na kutoka kule nilikokaa hadi hapa jukwaani, mtu hupita karibu na mlango.

Beji haipo mezani. Nimeangalia chini ya meza, haikuanguka. Kuna maji ya mvua sakafuni, ya viatu vya mtu aliyechelewa kuingia. Uso wake sikuuona, na sijageuka kuutafuta, kwa sababu si mimi ninayepaswa kuuona kwanza.

Mheshimiwa Meya, nakuomba uisubirishe kengele kidogo. Imesubiri miaka mingi, haitakasirika. Luteni Kamanda, nakushukuru kwa kuwafundisha vijana wako kuuliza swali moja la maana. Mzee Waco na wenzako, kama bado mnataka kukifunga chama jioni hii, kifungeni; lakini nendeni nyumbani na beji zenu, na mkikutana tena popote, mtu na aitwe kwa mji wake.

Na wewe, babu. Najua umeshika birika, kwa sababu nausikia mfuniko wake ukigonga. Uliweke chini. Safari hii usisubiri kuisikia sauti, babu, kwa sababu ile sauti haipo tena; aliyekuwa nayo amebaki na mnong’ono, na hautavuka meza mbili. Itabidi ugeuke. Pita polepole kati ya viti, soma kila kifua, usimkaribishe mtu kabla hujasoma.

Hakuna haraka tena, Astoria.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni sana.